Wameingia Wote

Asubuhi ile Shamis aliamka kabla yangu, kama siku zote. Nilisikia mlango. Mlango wetu hauna kufuli wala komeo, una kamba tu. Akaifungua, akasimama kizingitini akitazama uani, akaanza kuita majina.

Aliita mbuzi. Tunao wachache, na kila mmoja ana jina lake. Akaita watoto wetu, ambao hawako hapa. Mmoja yuko Wajir, mwingine yuko Isili kule Nairobi, na mmoja Mungu alimchukua akiwa mdogo. Huyo naye aliitwa. Akaita wajukuu. Mwisho akaniita mimi.

"Na Dekow."

"Nipo," nikasema, bado nimelala.

"Upo upo tu. Amka, chai inapoa."

Nikaamka. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, nikamwambia. Akasema tangawizi ni ile ile, ulimi wangu ndio umezeeka. Akachukua ufagio, akafagia mpaka kwa jirani. Baada ya adhuhuri alisema kichwa kinamuuma, akajilaza kwenye mkeka, na alasiri haikumkuta. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tangu miaka ya vita vya shifta mimi nilikuwa wa mwisho kuitwa nyumbani kwangu. Jirani yetu Saynab alinicheka miaka mingi kwa hilo. "Dekow, hata yule mbuzi kilema anakutangulia." Sababu tuliijua sisi wawili, na sasa nimebaki nayo peke yangu. Ndiyo naiandika. Shule sikwenda. Herufi nilizipata uzeeni katika darasa la ngumbaru, kwa hiyo sitasema mengi.

Shamis alizaliwa upande wa Tarbaj, kwa watu wa mbuzi na ngamia. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa nambari. Ukimwuliza mtu ana mbuzi wangapi, atakwambia wapo, alhamdulillahi, na moyoni ataona huna adabu. Nambari huleta jicho. Msichana anayesimama mlangoni mwa boma la miiba jioni hahesabu. Anawajua kwa sura. Wakipita anawaita kwa majina, na yule ambaye jina lake limeitwa na hakupita, huyo hajaingia, anafuatwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Shamis utotoni. Alipokuja Garissa nikamwoa, akaenda nayo hospitali.

Hospitali yenyewe haipo tena. Ilikuwa ndogo, upande wa mto, na nyuma yake palikuwa na wodi ya wagonjwa wa akili. Tuliiita wodi ya kufuli. Ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango wa chuma katikati, mkeka umesimamishwa kati, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Shamis alikuwa mhudumu wa wodi. Kulisha, kuosha, kushika mkono wa anayetetemeka, kumzuia anayejipiga. Mimi nilikuwa mteka maji. Nilikuwa na punda na madebe, nikipanda kutoka Tana mpaka jikoni kwa hospitali. Ndivyo tulivyoonana kila siku, hata mchana.

Kabla ya vita aliwachukua wale waliotulia, akateremka nao mtoni kufua. Walikaa kwenye mchanga na wanawake wa mji, wakafua, wakabishana juu ya sabuni. Mgeni akipita hakujua nani mgonjwa na nani mzima. Mwenzake kazini alikuwa Maryan, mwanamke wa maneno mengi. Walicheka sana wale wawili. Nilikuwa nawasikia kabla ya kuwaona.

Kisha vikaja vita. Uhuru ulikuwa haujamaliza mwezi, ikatangazwa hali ya hatari. Kukawa na kafyu. Jua likizama, ukionekana nje, unapigwa risasi, halafu ndiyo unaulizwa jina. Wengine wetu waliingia msituni na bunduki, na sisi tuliobaki tukaitwa shifta, yaani majambazi, pamoja nao. Baadaye watu wa malisho wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa waya. Mifugo ikabaki nje ya waya. Mwenye macho aliona ilivyokwisha.

Watu walianza kuharibikiwa akili. Waliletwa na malori, wengine mikono imefungwa kwa kamba. Askari walisema huyu anajifanya, mfungieni hapa tumwangalie. Wodi ikajaa. Ikatoka amri kwamba mto basi, mlango ufungwe mchana na usiku, na watu wahesabiwe jua likichomoza na jua likizama. Pembeni mwa mlango ukapigiliwa ubao mweusi, na juu yake nambari kwa chaki. Nambari ile aliruhusiwa kuibadilisha mtu mmoja tu, dresa, mfunga vidonda, aliyeitwa Noordin. Ndiye alikuwa mkubwa wa wodi. Tulimwita daktari kwa sababu hatukuwa na mwingine.

Mlangoni akawekwa askari kutoka bara. Alikuwa mfupi, na watu wetu hawachelewi, wakampa jina la Gaab, yaani mfupi. Akaitika. Nadhani alidhani ni salamu. Hakuwa mtu mbaya. Alihesabu vichwa kwa kidole, moja, mbili, tatu, na Shamis alikuwa anageuza uso asikione kile kidole kikimpita kila mtu. Baada yake yeye alirudia kwa namna yake, kwa majina.

"Mama Shamis, nimeshahesabu," Gaab alikuwa akimwambia.

"Umehesabu. Mimi nawaita."

"Tofauti iko wapi?"

"Wewe wakitimia unafurahi. Mimi nataka kujua ni wenyewe."

Maryan nyumba yao ilihamishiwa kijiji cha waya, hakurudi kazini tena. Shamis akabaki peke yake, asubuhi mpaka jua kuzama, Ijumaa na Idi. Noordin aliomba mhudumu mwingine Nairobi. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena.

Palikuwa na mzee mmoja mle ndani, Kulow, mtu wa ngamia. Ngamia wake waliuawa mbele yake, sitaandika namna gani. Mchana alikuwa mtulivu. Jioni, wakati ule mifugo inaporudi, alisimama akashika nondo za dirisha na kuuliza, "Wameingia?" Asipojibiwa alipiga kichwa ukutani mpaka damu. Akijibiwa alilala kama mtoto. Kwa hiyo kila jioni Shamis alimjibu, "Wameingia wote, adeer." Adeer ni baba mdogo. Alimwita hivyo kwa heshima, hawakuwa ndugu.

Na palikuwa na bibi mmoja, Fatumo, aliyetoka upande wa Bute. Huyo alimwona kila mtu ni mwanawe. Chai yake ya asubuhi alikunywa nusu, nusu akaifunika kwa kitambaa ndani ya kikombe chake cha bati mpaka Shamis apite. Akimwona alimwuliza, "Umekula?" Shamis aliniambia katika wodi nzima, na ofisi, na askari, na mimi nimo, Fatumo peke yake ndiye aliyemwuliza kitu hicho. Wengine wote walikuwa wanataka. Fatumo alikuwa anauliza.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwanza Shamis aliacha kuita mbuzi wetu. Kisha akaacha kuimba akisonga ugali. Alikuwa anafika, ananawa mikono, anakaa, ananawa tena. Sauti ya wodi ikamfuata nyumbani. "Kaa. Kunywa. Vizuri." Siku moja nilimeza kidonge cha malaria mbele yake.

"Inua ulimi," akaniambia.

Nikainua. Akachungulia chini yake kama nimeficha kitu.

"Vizuri," akasema, akaenda kunawa.

Sikucheka, kwa sababu yeye hakucheka. Shamis wa zamani angecheka mpaka ashike ukuta.

Nikamwambia aache kazi. Tulikuwa na punda, tungekula.

"Nikiacha, nani atamwambia Kulow wameingia?"

"Mwingine atamwambia."

"Mwingine nani, Dekow? Kila jioni nasema wameingia. Na hawaingii. Ninasema, na siku inayofuata ananiuliza tena. Zamani nikifungua ule mlango nilikuwa naona watu. Siku hizi naona midomo. Huu wa kulisha, huu wa kufuta, huu wa kunyamazisha."

Nikamwekea chai. Haikunyweka.

Fatumo alifariki wakati Noordin hayupo. Alikuwa amekwenda Wajir na msafara wa jeshi kufuata dawa, na njia ilikuwa na mabomu, hakuna aliyejua atarudi lini. Bibi hakuugua. Asubuhi alimpa Shamis nusu ya chai yake, akamwuliza kama amekula, mchana akawa amekwenda. Nilileta maji ya kumwosha. Shamis alimwosha mwenyewe, akamvisha sanda, na sisi wanaume wachache tulioruhusiwa tukamzika kabla ya jua kupungua. Shamis aliporudi wodini alikuwa na kikombe cha bati mkononi. Nilimwona kwa mbali, nikamwashiria tutaonana nyumbani. Akaitikia kwa kichwa.

Jua likazama, hakuja.

Sikuweza kutoka kumtafuta. Kafyu haikujua mke wala mume. Nilikaa mlangoni nikisikiliza.

Kulipokucha nilifunga madebe juu ya punda nikaenda, ili nikisimamishwa nionekane niko kazini. Gaab alikuwa mlangoni anapiga mswaki wa mti.

"Bwana Maji," akasema kabla sijauliza, "mkeo leo kachelewa. Na watu wana njaa."

"Jana alitoka vipi?"

"Kama kawaida. Alinipa ufunguo. Nikahesabu, ikatimia, nikafunga."

"Ilitimia?"

"Kumi na nne. Kama ubao."

"Fatumo tumemzika jana."

Gaab akatoa mswaki mdomoni. Akatazama ubao, akatazama mlango. Kisha akatafuta ufunguo mifuko yote, na ulikuwa mkononi mwake.

Shamis alikuwa amekaa upande wa wanawake, mahali pa Fatumo, mgongo ukutani, miguu ameikunja, shungi amelivuta mpaka machoni. Kikombe cha bati kilikuwa magotini. Alipotoa ufunguo jana yake hakutoka. Aligeuka akakaa. Gaab alinyoosha kidole chake akapita juu yake kama alivyopita juu ya wengine, na hesabu ikatimia, na yeye akashukuru asiulize imetimiaje, maana alikuwa na hofu juu ya ile nafasi ya marehemu. Sura hakuangalia. Hakuwahi kuangalia. Na aliyekuwa akiita majina baada yake, jioni ile alikuwa miongoni mwao.

"Mwinue," Gaab akaninong'oneza. "Mwinue, mkubwa wangu koplo asipite akaona."

Sikumwinua. Nilikaa chini kando yake. Wanawake wengine walitutazama.

"Nabad, Shamis."

"Nabad."

"Jana nimekungoja."

"Najua." Sauti ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira. "Nimechoka, Dekow. Nilitaka kukaa kidogo tu. Halafu mlango ukafungwa, nikaona ni vizuri. Hapa nikikaa hakuna anayeniuliza kitu."

Nilitazama kile kikombe. Nikamwuliza, "Umekula?"

Alinigeukia. Ndipo akalia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu mpaka shungi likalowa. Nilisubiri. Alipomaliza alinipa mkono, tukasimama pamoja.

Mlangoni Gaab alituzuia. Alikuwa na haya, lakini alizuia.

"Bwana Maji, mchana sina neno, mchukue. Lakini jioni koplo atakuja kuhesabu mwenyewe. Ubao unasema kumi na nne, na wa kuubadilisha yuko Wajir. Wakipungua, watasema nimemtorosha shifta. Wataniuliza mimi."

"Kaburi lipo," nikasema. "Twende tukamwonyeshe."

"Koplo atasema ni kaburi la mbuzi. Humjui."

Shamis alikuwa anasikiliza. Akasema, "Usijali, Gaab. Jioni nitarudi nikae."

Alisema kama mtu aliyealikwa harusi. Alikuwa anataka kurudi. Hapo ndipo niliogopa, kuliko nilivyoogopa risasi. Niliona akikaa pale jioni ya pili na ya tatu, Noordin atarudi amkute katika hesabu, na mwenyewe hataomba kutolewa. Ningekuwa namletea maji maisha yangu yote kupitia dirishani.

"Wewe unakwenda kulala," nikamwambia. "Jioni nitakaa mimi."

Gaab akanitazama. "Wewe si kichaa."

"Nimeacha ngamia nikaja kubebea serikali maji kwa punda. Hiyo haikutoshi?"

"Wewe ni mwanamume. Aliyekufa ni mwanamke."

"Koplo anahesabu nini?"

Akafikiri. "Vichwa."

"Basi."

Nilimpeleka Shamis nyumbani, nikamkabidhi kwa Saynab. Nikamwambia asimwulize kitu, amlaze, akiamka ampe maziwa, akilala tena amwache. Saynab alikuwa msemaji kuliko redio, lakini siku ile alisema "Haya" tu, akafunga dirisha jua lisiingie.

Nikarudi wodini. Asubuhi ile nilijifunza kazi ya mke wangu. Mmoja ukimlisha anakutemea. Mwingine, msichana anayeitwa Amino, hali mpaka uonje wewe kwanza, kila kijiko. Mwingine anakushika nguo hakuachi, wala hasemi anataka nini. Wote wanakutazama. Hakuna pembe ya chumba kile ambayo hutazamwi. Gaab alinionea huruma, akaegemeza bunduki nje, akaingia akashika bakuli. Alimlisha Nunow, kijana mkubwa aliyewahi kumng'ata, na alikuwa anafungua mdomo wake mwenyewe kila akimnyooshea kijiko, kama mama.

Jioni nilikaa upande wa wanaume, karibu na Kulow, shuka kichwani. Koplo alikuja na viatu vyake. Kidole kikanipita. Sijui nieleze vipi. Nimepigwa na jua, nimepigwa na askari, lakini kile kidole kilinifanya mdogo. Shamis alikuwa anakiona asubuhi na jioni. Hesabu ikatimia, mlango ukafungwa.

Kulow akasimama akashika nondo.

"Wameingia?"

"Wameingia wote, adeer," nikasema.

Akageuka. Alinitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa macho ya mtu mwenye ngamia wengi anayemkagua mchungaji mgeni.

"Wewe siye anayejibu. Yeye yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Amechoka."

Kulow aliachia nondo, akateremka akakaa. Akawageukia wengine, wanaume na wanawake nyuma ya mkeka.

"Amelala," akawaambia. "Basi tusipige kelele."

Na hawakupiga. Watu ambao mchana kutwa hawakunisikia, walimsikia Kulow. Nunow alianza kuguna, akaambiwa anaamsha mtu, akajifunika mdomo kwa kiganja. Niliegemea ukuta nikiwasikia wanavyopumua.

Ilikwenda hivyo siku kadhaa. Mchana Saynab alipita kwenye ua wa hospitali na kibuyu cha maziwa, akanipa habari kupitia dirishani.

"Bado amelala."

Siku iliyofuata, "Ameamka akala, akalala tena. Huyo mke wako analala kama amelipwa."

Na iliyofuata, "Leo ameniuliza kama mbuzi wameingia. Nikamwambia wewe tulia. Akatoka akaenda kuwaita mwenyewe."

Niliposikia hilo nilimwomba Mungu lori la Noordin likawie kidogo tu, alale zaidi.

Mambo ya baadaye nitayasema hapa, maana mwisho nataka kuuacha kwa maneno yake. Hakuna aliyefungwa kwa jambo hili, nasema mapema ili msomaji asihofu. Shamis alirudi kazini. Noordin alimwambia apumzike Ijumaa, na kwamba siku hiyo atalisha yeye daktari mwenyewe, na kweli alilisha, na Nunow alimng'ata. Maryan alipotoka kwenye waya alirudishwa wodini. Mimi nikawa naleta debe la mwisho kila jioni kabla ya kafyu, nasimama chini ya dirisha, na Kulow alipouliza, mimi ndiye niliyejibu. Jioni nyingine Gaab alinitangulia. "Wameingia wote, adeer," kwa lafudhi yake ya bara. Kulow aliishi mpaka vita vikaisha, kisha watu wake wakamchukua. Na Shamis alifanya kazi ile mpaka akastaafu. Alichoka tena, mara nyingi. Lakini alikuwa anasema. Alifika nyumbani akasema, "Dekow, leo nimeona midomo," nami niliacha nilichoshika, nikamwuliza kama amekula. Nyumbani hakutaka kufuli, akaniambia tufunge kwa kamba.

Sasa ile jioni. Vumbi la msafara lilionekana upande wa njia ya Wajir jua likiwa bado juu kidogo. Noordin alishuka kwenye lori mweupe kama aliyepakwa unga, akaja wodini moja kwa moja kabla hajanawa. Koplo alikuwa mlangoni, tayari kwa hesabu ya jioni. Na nyuma yao nikamwona Shamis. Amevaa shungi lililofuliwa. Uso ulikuwa wake.

"Daktari," akasema, "Fatumo ametutoka. Tumemzika siku ile ile. Futa."

Noordin alisema maneno ya msiba. Akafuta ubao kwa mkono wa shati lake, akaandika kumi na tatu, hapo hapo, mbele ya koplo. Gaab alifungua mdomo kusema kitu, akachelewa.

Koplo akanyoosha kidole akahesabu. Akafika mwisho. Akahesabu tena. Mkono ukashuka kwenye mkanda, mahali pa bastola.

"Mmoja kazidi," akasema. "Wamo kumi na nne. Nani ameingia humu?"

Mtu aliyepungua katika wodi ile ilikuwa hatari. Aliyezidi, miaka ile, ilikuwa hatari kubwa zaidi. Nilitaka kusimama, Kulow akanishika shuka. Gaab alikuwa anatazama viatu vyake.

Shamis alimpita koplo akasimama kizingitini, mkono mmoja juu ya chuma. Hakuharakisha. Akaanza kuwaita. Akamwita Amino, akaitika. Akamwita Nunow, akaguna. Akamwita Kulow, adeer Kulow, naye akasema yupo. Akawaita wote, upande huu na upande ule, kila mtu kwa jina lake, na kila mmoja alipoitwa aliinua kichwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo nikiwa ndani. Nilingoja langu. Majina yakaisha, na mimi nilikuwa sijaitwa. Koplo akasema, "Na huyo mwenye shuka?"

Akageuka kumtazama, na akasema, haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Huyo aliyezidi si wa serikali, afande. Ni Dekow, ni wangu. Mfungulie, chai inapoa."